Mkamwana Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Siku mliyoniaga pale zahanati mlitaka niseme maneno machache. Nikashukuru kwa mbuzi na vitenge, nikakaa. Mwenzenu mmoja, yule anayevaa kipimo cha kusikilizia kifua shingoni hata anapokwenda dukani kununua sukari, alinifuata nje akaniuliza ni ugonjwa gani ulionitisha kuliko yote katika miaka yangu ya unesi. Nadhani alitegemea nitaje kipindupindu au kifafa cha mimba. Nikamjibu kwamba ni koo. Akacheka, akidhani bibi anatania. Sasa nimestaafu, na kazi yangu kubwa ni kufukuza kuku wasile uwele ulioanikwa, hivyo nimepata nafasi ya kueleza nilichomaanisha.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, mishahara ilichelewa zaidi, na hayo mtajifunza wenyewe bila msaada wangu.

Mimi ni Mgogo wa Kintinku. Nilimaliza mafunzo ya uuguzi miaka ya mwanzo ya Uhuru, nikapangiwa zahanati upande wa Mungaa, kwa Wanyaturu. Nilifika juu ya lori la magunia nikiwa na sanduku la bati na gauni jeupe nililolipiga pasi kwa mkaa usiku uliotangulia. Nilipoteremka gauni lilikuwa na rangi ya barabara. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya udongo chini ya bati, na kibaraza ambacho mbuzi wa jirani walikihesabu kuwa chao. Ndani mlikuwa na kabati la dawa lisilofungika vizuri, stovu ya mafuta ya taa ya kuchemshia sindano za vioo, beseni mbili, na kijiko kimoja cha chuma ambacho mpini wake ndio uliokandamizia ulimi wa kila mwenye koo. Tochi ilikuwepo, lakini betri zilikuwa za kuombea dua.

Aliyenipokea ni Mzee Zakaria, dresa wa siku nyingi, aliyeanza kazi ya kufunga vidonda kule Kilimatinde wakati wa Mwingereza. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu ambayo haikutoka kichwani hata wakati wa joto. Alikuwa akiniita "mwanangu" hata anaponigombeza, na alinigombeza sana. Nilitoka chuoni na haraka zangu. Nilitaka mgonjwa aingie, aseme kinachouma, apewe dawa, atoke. Mzee Zakaria yeye alimkalisha mgonjwa kwenye kigoda mlangoni, uso umeelekea jua la asubuhi ili koo limulikwe bure, halafu akaanza salamu. Za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za shamba, za mvua iliyokataa kunyesha, za jirani aliyevunjika mguu. Mimi nimesimama na kijiko mkononi, nachemka kuliko stovu.

Siku moja nikamwambia kwamba foleni ni ndefu na salamu zinatuchelewesha. Hakukasirika. Alinijibu kwamba salamu ndiyo kipimo chake cha kwanza, tena hakihitaji betri. Mtu anaposalimiana nawe kwa urefu, unasikia sauti yake kama ni ile ya siku zote au imeziba. Unaona kama anameza mate kati ya neno na neno au anayatema. Unaona kama anavuta pumzi kwa raha au anaitafuta. Shingo yake inageuka kumtazama mwenzake, au imekakamaa. Akimaliza salamu zote na bado ana nguvu ya kulalamika kuhusu bei ya chumvi, huyo koo lake litapona kwa maji ya chumvi ya kusukutua, chai yenye asali na siku chache za subira. "Lakini mwanangu," akasema, "ukimwona mtu mzima wa huku anakata salamu njiani, usimuulize tena. Washa stovu."

Maneno hayo niliyaona ya kizee. Baadaye yakawa ndiyo kazi yangu.

Makoo yalikuwa mengi. Miezi ya baridi, upepo ule mkavu unapofagia vumbi kati ya majabali, na watu wanalala ndani ya tembe, zile nyumba za paa bapa la udongo, moto ukifuka moshi, nusu ya foleni yetu ilikuwa kikohozi na koo. Wengine walikuwa na mafua tu. Walimu walikuja wamekauka kwa kufundisha darasa lililojaa, na viongozi walikuja bila sauti kabisa baada ya mikutano ya hadhara. Mzee Zakaria aliliita hilo koo la siasa, na dawa yake ilikuwa kunyamaza, dawa ambayo hakuna kiongozi aliyemaliza dozi. Hao wote walirudi nyumbani bila sindano, na wengi waliondoka wamenuna, kwa sababu wakati ule sindano ndiyo iliyokuwa heshima. Kutibiwa bila kuchomwa kulikuwa sawa na kualikwa harusini ukapewa maji.

Wachache hawakuwa na mafua. Mtoto mwenye homa kali, tezi za shingo zimevimba, mafindofindo mekundu yenye madoa ya usaha, huyo alihitaji penisilini, na alihitaji kuimaliza. Mama zao waliniuliza kwa nini mtoto aliyekwisha kuamka na kucheza aendelee kuchomwa. Nikawapeleka kwa binti mmoja wa jirani zetu, ambaye koo lake lilipona lenyewe bila dawa, na majuma machache baadaye magoti yakavimba, kisha moyo ukaanza kumchosha, mpaka akawa hawezi kubeba hata kibuyu cha maji kutoka kisimani. Alikuwa akinitazama nikipita kwao kana kwamba mimi ninajua kitu ambacho sikumwambia. Koo lilikuwa limeshamaliza kazi yake muda mrefu kabla sijafika huko.

Halafu kulikuwa na kimeo. Ninyi wa leo mnakijua kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na mnajua kina kazi yake. Enzi zile mtoto akikohoa, akitapika, akikosa hamu ya kula, wazazi walisema kimeo kimeshuka, na walikuwepo mafundi wa kukikata. Wengine walikuwa na mkono mwepesi kweli, hilo sitalikataa. Lakini kimeo hakikuwa na hatia, na baada ya kukatwa ugonjwa wenyewe uliendelea palepale, sasa ukiwa na kidonda cha kuusaidia. Nilimpokea mtoto mmoja siku ya mnada, amekatwa asubuhi ile. Nilipomwelekeza kwenye jua nikaona utando wa kijivu umefunika koo lote kama ukoko wa maziwa chunguni, na shingo imevimba hadi kwenye masikio. Ilikuwa dondakoo. Baba yake alimbeba kwenda hospitali ya misheni kwa baiskeli, na hakufika naye akiwa hai. Nililia nyuma ya zahanati. Mzee Zakaria alinisubiri nikamaliza, akanipa beseni niende nikachemshe sindano, kwa kuwa foleni bado ilikuwepo. Nilimchukia siku ile, na leo namshukuru.

Mzee Zakaria alistaafu akarudi kwao, na mimi nikabaki na kijiko. Kinyaturu changu kilikuwa kimekua, ingawa wanawake waliendelea kukicheka, hasa nilipojaribu kumsalimia mtu kwa urefu unaostahili. Nilijifunza salamu kama mtu anavyojifunza kushona, nikichomwachomwa vidole.

Kisha ukaja wakati wa watu kuhamia kwenye vijiji vya Ujamaa. Mnaosoma haya mmezaliwa katika vijiji hivyo na mnadhani nyumba zimekuwa zikikaa kwenye mistari tangu dunia iumbwe. Hazikuwa hivyo. Kila ukoo ulikuwa na tembe lake, zizi lake na majabali yake, na kati ya tembe na tembe ungeweza kuchoka. Walipoambiwa wasogee pamoja, kuna waliosogea kwa moyo na kuna waliosogea kwa sababu lori lilikuja. Mimi nilipewa kazi ya kupita kaya kwa kaya nikitazama vyoo vimechimbwa, maji yanachemshwa, na nani anaumwa. Kwa vyoo nilionekana mchokozi. Kwa wagonjwa nilikaribishwa.

Siku moja, jua likiwa utosini, nilifika kwa Mzee Hango, balozi wa nyumba kumi wa upande ule. Alikuwa mtu wa maneno machache na yenye uzito, mwenye ng'ombe wengi na kiburi kinachoendana nao. Siku ile ilikuwa zamu yake ya kuhamishiwa vitu. Lori la serikali lilikuwa limesimama mbele ya tembe lake la zamani, limeshapakiwa milango, mitungi, vinu na miti mizuri ya kuezekea aliyoikata mwenyewe msituni. Dereva alikuwa na haraka, kwani kaya nyingine zilikuwa zikimngoja.

Mkewe, Mama Hango, alinikaribisha uani. Tulisalimiana sawasawa, salamu ya kumridhisha hata Mzee Zakaria. Alikuwa na furaha, kwa sababu mtoto wao wa kiume alikuwa ameoa miezi michache iliyopita kabla ya kurudi kazini kwenye mashamba ya mkonge, na mkamwana alikuwa amebaki nao. Mama Hango alitaka nimwone. Akamwita, na binti akatoka ndani ya tembe taratibu, amejifunika khanga hadi kwenye midomo, akapiga magoti mbele yangu, akainamisha kichwa. Jina lake Hadija. Alikuwa mdogo bado.

"Huyu ndiye binti aliyelelewa," Mama Hango aliniambia mbele yake. "Tangu juzi sijasikia sauti yake ndani ya nyumba hii. Hata chakula anakataa mpaka wakubwa tumalize, na tukimaliza anasema ameshiba."

Lazima niwaeleze hapa, kwa sababu mambo haya yanapotea. Mwali aliyeingia ukweni wakati ule hakupaza sauti mbele ya wakwe, hasa mbele ya baba mkwe. Akikutana naye njiani alipisha. Hakula mbele yake, na baba mkwe naye hakumsemesha moja kwa moja. Neno lilipitia kwa mama. Msichana aliyenyamaza, aliyekula kidogo na kutazama chini alikuwa sifa ya ukoo aliotoka. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inamtazama Hadija asiyesema na asiyekula, na nyumba nzima ilikuwa inafurahi.

Mimi nami ningefurahi nikaenda kukagua choo. Lakini nilikuwa nangojea shikamoo yangu, na haikuja. Binti aliyelelewa anaweza kunyamaza mchana kutwa, lakini hawezi kuacha kumwamkia mkubwa aliyesimama mbele yake. Midomo ilicheza chini ya khanga, na sikusikia kitu. Nikachuchumaa usawa wake, nikamwambia aniamkie tena, niko tayari kungoja. Akajaribu. Iliyotoka ilikuwa sauti nzito iliyoziba, kama ya mtu mwenye tonge la ugali wa moto mdomoni asiyejua alimeze wala alitoe. Halafu akaivuta khanga akafuta mate, na nikaona ule upindo ulikuwa umelowa chapachapa. Alikuwa hamezi hata mate yake mwenyewe.

Nilimshika shingo. Ilikuwa na moto, na upande wa kushoto chini ya taya palikuwa pamevimba na kuuma kiasi kwamba aliruka nilipogusa. Nikamwomba afungue kinywa. Hakikufunguka. Nikamwambia atie vidole viwili kati ya meno, akashindwa, kimoja, akashindwa. Nikauliza kama sikio la upande ule nalo linauma, akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakaanza kumtoka. Nadhani hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu hatimaye kuna mtu alikuwa amemuuliza.

Nilijua ni nini. Jipu lilikuwa limeota nyuma ya findo, na lilikuwa linasukuma koo upande mmoja. Jipu la mguuni linaweza kukungoja. La kooni halingoji, kwa maana njia ya chakula na njia ya pumzi ni majirani.

Mama Hango alipoelewa kwamba binti anaumwa, uso wake ulibadilika, na kama ilivyo kwa mtu aliyeshtuka, akakimbilia anachokijua. Alisema kimeo kimeshuka, na fundi wake yuko kaya ya pili, aitwe sasa hivi. Nilimwambia kwamba hata kama kimeo kingekuwa na kosa, fundi atapitishia wapi kisu chake ikiwa kinywa hakipitishi kidole. Akasema watakipanua kwa kijiko. Nikasimama mlangoni asipite kwenda kumwita. Nilikuwa mfupi na mwembamba wakati ule, lakini mlango wa tembe ni mfupi vilevile, kwa hiyo tulitoshana.

Mzee Hango alikuwa nje ya ukuta akisimamia upakiaji. Alisikia sauti zetu zimepanda, akasogea karibu na ukuta, lakini hakuingia kwa kuwa mkamwana alikuwa ndani ya ua. Akaniita kwa jina la kazi, tukaongea yeye akiwa upande wake wa ukuta na mimi upande wangu.

"Nesi, nieleze bila kuzunguka. Mtoto wa watu atakufa?"

"Akikaa hapa anaweza kufa, mzee. Koo linafunga."

"Lini?"

"Pengine leo hii. Siwezi kukuambia ni kesho ili ulale vizuri."

"Na sindano yako?"

"Nitamchoma sasa. Lakini mle ndani mna usaha, na usaha lazima utoboliwe na daktari. Anatakiwa hospitali, na hawezi kwenda kwa miguu wala kwa baiskeli. Akilala chali pumzi itamshinda."

Nilisikia dereva akipiga honi huko nje kwa kukosa subira. Halafu nikamsikia Mzee Hango akiwaambia vijana wake washushe vitu. Wakadhani wamesikia vibaya. Akarudia, na nikasikia milango ikitupwa chini, miti ya kuezekea ikilia ilipogonga mawe. Dereva alianza kueleza kwamba ana amri ya kuhamisha watu na si kubeba wagonjwa, na lori likionekana njia nyingine ataulizwa yeye. Balozi akamjibu kwamba ataulizwa balozi, na ili waulizaji wasipate shida ya kumtafuta, atakuwemo ndani ya lori hilohilo. Hilo dereva alilielewa.

Nilimchoma Hadija penisilini, nikafuta kidonda cha sindano kwa haraka, tukampandisha mbele. Tulikaa dereva, yeye, na mimi nikimshika ili akae wima, ameinama kidogo mbele, mate yakidondokea kwenye beseni niliyoichukua jikoni. Mama Hango alibaki kulinda vitu vilivyomwagwa barabarani, mawingu yakianza kukusanyika juu ya miti ya kuezekea ya mume wake. Hakusema kitu kuhusu mvua. Alichosema, akishika mlango wa lori, ni kwamba yeye alikuwa akimsifia mtoto huku mtoto anaziba. Alilisema kwa sauti ya chini, na sikujua kama alikuwa ananiambia mimi. Nikamwambia afuate kesho na nguo za binti.

Mzee Hango alipanda nyuma. Hakukuwa na pa kukaa ila chuma, na barabara ile mnaijua. Kila tulipoingia korongoni nilisikia magoti yake yakigonga ubao. Nami kila tulipotoka korongoni niliweka sikio karibu na kifua cha Hadija. Pumzi yake ilikuwa imeanza kupiga mluzi mwembamba inapoingia. Nilimsimulia hadithi za Kintinku, za treni inayopita na abiria wanaonunua mayai ya kuchemsha madirishani, kwa Kinyaturu changu kibovu, ili awe na kitu cha kuzingatia zaidi ya koo. Sehemu moja nilikosea neno vibaya sana, na nikaona mabega yake yakitikisika. Nilidhani anashindwa kupumua. Alikuwa anacheka. Nimetibu watu wengi, lakini kumpenda mgonjwa kwa ghafla namna ile sikuwahi tena.

Hospitalini daktari hakupoteza muda. Alimtazama, akamsikiliza akivuta pumzi, akaniambia nimshike kichwa na nishike beseni. Aliganzisha kidogo, akapenyeza kisu chembamba pale kinywa kilipokubali. Sitawaelezea zaidi, mtakuja kuona wenyewe na mtajua ile harufu. Ulitoka usaha mwingi, na nyuma yake damu kidogo, kisha Hadija akakohoa, akatema, akavuta pumzi. Ule mluzi haukuwepo. Alivuta tena, kama mtu anayejaribu nguo mpya. Tukampa maji ya chumvi asukutue, na kinywa chake kikafunguka taratibu, kwanza kidole kimoja, baadaye viwili.

Tulimlaza wodini akiwa ameegemea mito. Jua lilikuwa bado halijazama. Mzee Hango alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, amegeuza uso kuelekea ukutani, kama desturi ilivyotaka, kofia mikononi, vumbi la barabara limemfanya kuwa na mvi hadi kwenye nyusi. Nilitoka kumwambia kwamba hatari imepita. Akaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama binti anasikia, nikasema anasikia. Akaniuliza kama anaweza kusema, nikasema nadhani anaweza, lakini asilazimishwe.

Sasa yeye mwenyewe alikuwa hana mtu wa kupitishia neno. Mama Hango alikuwa mbali, na mimi ni mgeni wa kabila jingine. Nadhani alikuwa na maneno kichwani na hakujua njia ya kuyapitisha. Nami nilikuwa nimechoka sana, nikakaa chini kwenye sakafu kando ya kitanda.

Hadija ndiye aliyeanza. Sauti yake ilikuwa bado na mkwaruzo, lakini ilikuwa sauti ya mtu, na ndiyo mara ya kwanza mimi kuisikia.

"Baba," alisema, "nina njaa."

Nilifumba macho. Mkamwana amemwita baba mkwe moja kwa moja, tena amemwomba chakula. Kwa wazee wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kuitisha kikao. Nikangoja aondoke kwa hasira, au ajifanye hakusikia, njia ya heshima ya kumaliza mambo kama hayo. Nikasikia miguu yake ikitembea kwenye veranda, ikienda mbali, nikasema moyoni kwamba basi, ameondoka.

Nilisimama niende mwenyewe kumtafutia uji. Nyuma ya wodi kulikuwa na banda ambako ndugu wa wagonjwa walipika, na wote waliokuwamo walikuwa wanawake. Nilipofika kwenye kona nilimkuta Mzee Hango amesimama katikati yao, balozi wa nyumba kumi, mwenye ng'ombe wale wote, akiomba kikombe cha uji mwepesi usio na moto mkali. Wanawake walikuwa wanacheka wakijifunika midomo, na mmoja alikuwa anapooza uji kwa kuumwaga kutoka bakuli hadi bakuli. Hakuwajali. Alipopewa alilishika bakuli kwa mikono miwili akaja nalo polepole, akitazama uji usimwagike, akipita kwenye veranda mbele ya watu wote.

Mlangoni mwa wodi nilinyoosha mikono nilipokee. Nilisema kwa adabu kwamba anipe mimi nimlishe, kwa kuwa ni kazi yangu, naye akapumzike. Hakunipa.

"Niachie, mwanangu," alisema, akapita akaingia ndani. "Ameniomba mimi."